Kindu: Barza isikatwe kwenye hesabu ya nyumba

Nyumba mpya zinajengwa kila mwaka katika komini tatu za mji wa Kindu, yaani Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Matofali ya kuchoma yanachukua nafasi ya potopoto, na mabati yanachukua nafasi ya majani. Hayo ni maendeleo, na kila familia iliyofika hapo imetoa jasho. Lakini katika nyumba nyingi za sasa kuna kitu kinachokosekana mbele ya mlango: barza. Mlango wa chuma unafunguka moja kwa moja juu ya vumbi wakati wa kiangazi na juu ya matope wakati wa mvua. Kwingine ukuta mrefu wa parseli unaficha nyumba yote, na anayepita kwenye avenyu haoni hata dirisha.

Sababu inajulikana. Simenti inafika Kindu kutoka mbali, kwa reli, kwa boti au kwa barabara mbovu, na kila kilometa inaongeza bei ya mfuko. Pesa zikipungua katikati ya kazi, mwenye nyumba na fundi wake wanatafuta cha kupunguza. Chumba cha watoto hakiguswi, na sebule haiguswi. Barza ndiyo inayokatwa kwanza, kwa kuwa wengi wanaihesabu kama pambo. Hapo ndipo kosa linapoanzia, na bei yake inalipwa miaka michache baadaye.

Barza ni kitu cha zamani Maniema. Neno lenyewe ni baraza la pwani, lililofika huku pamoja na Kiswahili katika karne ya 19, wakati misafara ya biashara ilipofika Nyangwe na Kasongo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa na wafanyabiashara waliotoka pwani. Tippu Tip naye alifanya Kasongo kuwa makao yake. Biashara ile ilibeba pembe na watumwa, na jeraha lake halijasahaulika. Lakini pamoja na lugha, watu wa huku walibaki pia na namna ya kujenga: nyumba ya pembe nne yenye kivuli mbele, pahali mgeni anapopokelewa kabla ya kuingia ndani.

Wabelgiji walipokuja walilichukua neno hilo hilo. Katika Kifaransa cha wakoloni wa Kongo, veranda iliitwa barza, na nyumba za wakubwa wa utawala na wa reli zilijengwa zikiwa na barza pana na sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Walikuwa na sababu zao. Kwenye joto la bonde la Lualaba, bila umeme wala feni, kivuli ndicho kilichofanya nyumba ikalike.

Pwani yenyewe haijaacha desturi hiyo. Katika mji wa kale wa Lamu, nyumba ya mawe inaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya kujengwa pande mbili. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, viti vya mawe vinafuata kuta za vichochoro, na wazee wanavikalia jioni wakinywa kahawa. Miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu mwaka 2001. Dunia inasafiri kwenda kutazama kitu ambacho Kindu inakifuta kwenye hesabu ya fundi.

Hesabu ya maji

Faida ya kwanza ya barza inahusu ukuta. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10, ikipigwa na mvua ya milimita 50, inamwaga lita 4.000 chini ya kuta zake. Hayo ni mapipa 20 ya lita 200, kwa mvua moja tu. Kama paa linaishia karibu na ukuta, maji hayo yanaanguka miguuni mwa nyumba, yanaruka na udongo, yanalowesha matofali ya chini na kuyala kidogo kidogo. Kwa nyumba ya matofali mabichi, misimu michache inatosha kuona msingi umebaki wazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Paa linalotokeza mbele na kufunika barza linapeleka maji mbali na ukuta. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 40 hivi juu ya ardhi inazuia matope kuingia sebuleni. Hata pande zisizo na barza zinahitaji paa lililotokeza sentimita 60 hadi 80, likiwa limefungwa vizuri kwa waya ili upepo wa mvua usiling'oe.

Maji yakishaanguka, yanakwenda wapi? Hilo ni swali la mji mzima. Kindu ina makorongo ya mmomonyoko, na kila parseli inayosukuma maji yake barabarani inalisha korongo la jirani wa chini. Mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye pipa, au shimo lililojazwa mawe na vipande vya matofali, ni kazi ndogo. Mistari ya mchaichai au ya nyasi ya vetiva pembeni mwa njia inashika udongo kwa mizizi yake, na uso wa nyumba unapendeza pia.

Faida ya pili ni joto. Kindu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, na jua linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Kuta zinazoteseka zaidi ni zile zinazotazama mashariki na magharibi. Kama parseli inaruhusu, barza iwekwe upande unaopigwa na jua la alasiri. Nyumba yenye kivuli upande huo haigeuki tanuru usiku, wakati umeme haupo na feni imesimama.

Barza ya kiasi gani?

Jambo hili halihitaji mali nyingi. Barza yenye upana wa mita moja na nusu inatosha kwa kiti na nafasi ya kupita. Ikifika mita mbili, familia inaweza kula hapo. Sakafu ielekee nje kidogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita, ili maji yasisimame mlangoni. Nguzo za mbao zisizikwe ardhini, maana mchwa hawachelewi. Zisimame juu ya miguu ya simenti au ya mawe. Kiti cha matofali chenye kimo cha sentimita 45, kilichojengwa pamoja na ukuta, hakivunjiki wala hakiibiwi.

Ngazi nazo zifikiriwe. Zenye kimo cha sentimita 15 hazimchoshi bibi wala mtoto. Mahali palipo na mtu mwenye ulemavu, au mzee ambaye miguu imeshaanza kukataa, njia ya mteremko ndiyo inayomruhusu kutoka kwake bila kubebwa. Kwa sakafu ya sentimita 40, mteremko wa mita 5 unafaa. Nyumba nyingi zinakumbuka jambo hili siku ajali inapotokea, na kuvunja ngazi kunagharimu kuliko kuzipanga tangu mwanzo.

Mwenye pesa kidogo anaweza kujenga kwa awamu. Mwaka huu ainue msingi na aache mbao za paa zikiwa ndefu mbele. Mwaka ujao aweke nguzo na mabati machache. Simenti ya sakafu inaweza kungoja. Udongo ulioshindiliwa na kuzungushiwa matofali unatumika vizuri. Kinachokuwa kigumu ni kuongeza barza kwenye paa lililokatwa fupi tangu siku ya kwanza.

Afya nayo ina neno mlangoni. Utafiti uliofanywa Gambia kwenye nyumba zipatazo 500, matokeo yake yakachapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2009, ulionyesha kwamba kuweka wavu milangoni na madirishani na kuziba nafasi kati ya ukuta na paa kulipunguza mbu wanaoingia kwa zaidi ya nusu. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache pia katika nyumba zile. Katika jimbo ambalo malaria inajaza vitanda vya vituo vya afya, mlango wa pili wa mbao na wavu, uliowekwa chini ya kivuli cha barza ambako mvua haiuozeshi, ni dawa. Chandarua cha kitandani kibaki pale pale.

Woga na ukuta

Wanaopinga barza wana hoja moja nzito: usalama. Kindu imepita katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003. Watu wamejua usiku wa kugongewa mlango, na hata leo wezi wanatembea. Mwenye kujenga ukuta mrefu na kufunga geti la chuma ana haki ya kulala kwa amani, na asichekwe.

Lakini ukuta mrefu una pande mbili. Mwizi akisharuka ndani, jirani haoni kitu. Avenyu ambayo nyumba zake zina barza, na taa ndogo ya jua inayowaka kwenye nguzo, ina macho mengi. Watu wanamjua anayepita na wanamshangaa asiyejulikana. Ukuta wa chini wenye klostra juu yake unalinda parseli na bado unaacha hewa na macho vipite. Geti linaweza kufungwa saa nne usiku bila nyumba kufungwa maisha yote.

Halafu kuna mambo ambayo ukuta hauwezi kufanya. Kwenye barza mama anatwanga sombe huku akiuza mikate, wanafunzi wanasoma mwanga wa mwisho wa siku, na watoto wa majirani wawili wanaopigana wanaamuliwa kabla habari haijafika polisi. Kukiwa na matanga, watu wanapata pa kukaa bila kufunga avenyu kwa mahema. Si bure kwamba neno baraza limepanda kutoka kiti cha mlangoni hadi baraza la wazee na baraza la mawaziri. Kivu Kaskazini, jumuiya zilizogombana zilipotafuta pa kuzungumza, chombo chao kilipewa jina la Barza Intercommunautaire. Watu walijifunza kusikilizana mbele ya nyumba kabla ya kujifunza kusikilizana kwenye ofisi.

Kazi ya viongozi

Hoja hii isiachiwe wenye nyumba peke yao. Kongo ina sheria ya ardhi tangu tarehe 20 Julai 1973, na kabla yake kulikuwa na dekreti ya mwaka 1957 juu ya upangaji wa miji. Ruhusa ya kujenga isiwe karatasi ya kulipia tu. Idara ya mipango miji inapopokea mchoro, iulize mambo matatu: nyumba imeachiwa nafasi gani kutoka barabarani, maji ya paa yanakwenda wapi, na mfereji wa avenyu utapita vipi mbele ya parseli hiyo.

Ruhusa hiyo hiyo ikomeshe upande wa pili wa ubaya. Wako wanaojenga barza, kisha wanaisogeza hatua kwa hatua hadi inakuwa duka juu ya mfereji na nusu ya barabara. Barza ikae ndani ya mipaka ya parseli. Anayeziba mfereji anaiba njia ya maji ya kartye nzima, na siku ya mvua kubwa hachagui nyumba itakayoanguka.

Shule za ufundi za Kindu zinaweza kusaidia kwa kuchora aina chache za barza za bei ndogo, kwa matofali ya kuchoma na mbao za hapa hapa Maniema, na kuzibandika kwenye ofisi za komini ili kila fundi azione. Siku za salongo zitumike kusafisha mifereji iliyo mbele ya nyumba. Hayo hayangoji bajeti ya Kinshasa.

Methali inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli kwa anayepima heshima ya mtu. Kwa anayejenga Kindu, chini ya mvua hii na jua hili, mbele ya nyumba ndiko kunakoamua ukuta utasimama miaka mingapi, na jirani atapita akisalimu au atapita kimya. Kabla ya kukata barza kwenye hesabu, baba na mama wa nyumba wakae na fundi wao na kuuliza mara ya pili nini kingine kinaweza kungoja.