KAZI ZA NYUMBANI: Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Mazima

Mtu anayefuga samaki katika tangi la kioo huona mara nyingi jambo la kumshangaza. Maji ni maangavu, samaki wanalishwa kila siku, na kioo chasuguliwa kila Jumamosi. Walakini samaki waanza kupanda juu wakihema, na kabla ya majuma mawili kupita wamekwisha kufa. Watoto hulia, na wazazi husema ya kuwa samaki walinunuliwa wakiwa wagonjwa. Mara nyingi sivyo. Wameuawa na sumu isiyoonekana.

Sumu hiyo huitwa amonia. Hutoka katika matamvua ya samaki wenyewe, na katika chakula kinachooza. Mtoni haiwadhuru, kwa maana maji yapita; katika tangi hujikusanya. Mnamo mwaka 1890 mtaalamu Mrusi, Sergei Winogradsky, alifaulu kuvitenga vidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, vinavyoiondoa sumu hiyo. Aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru upesi. Basi chujio si kichungi cha taka tu. Ni makao ya watumishi hao.

Chujio tunalolisifu ni tangi dogo liwekwalo chini ya tangi la samaki. Tuseme tangi la juu lina urefu wa sentimeta 100, upana 40 na kimo 50: ni lita 200. La chini liwe na urefu wa 60, upana 30 na kimo 35, yaani lita 63. Fundi wa vioo atoboe tundu karibu na ukingo wa tangi la juu, tangi likiwa tupu. Lakini kioo kilichoimarishwa kwa moto kisitobolewe, kwani hupasuka. Hapo litiwe bomba la plastiki lenye wavu mdomoni, maji yashuke kwa uzito wake.

Tangi la chini ligawanywe vyumba vitatu kwa vipande vya kioo na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya ukungu. Chumba cha kwanza kiwe na sponji ya kukamata taka. Cha pili kijazwe vipande safi vya matofali ya kuchoma au mawe yenye matundu. Humo vidudu hukaa. Cha tatu kiwe na pampu ya kurudisha maji juu, lita 600 hadi 1,000 kwa saa.

Sasa twaja kwenye jambo kubwa kwetu sisi wa Likasi, ambako umeme hukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu yaendelea kushuka mpaka yafike kwenye tundu. Yakishuka sentimeta 3, hesabu ni 100 mara 40 mara 3: lita 12, pamoja na yale yaliyomo bombani. Kwa hiyo tangi la chini lisitiwe zaidi ya lita 40. Tena bomba la kurudisha litobolewe kitundu kidogo chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie na kuyazuia maji yasinyonywe kurudi chini. Zimeni pampu kwa makusudi kabla ya kutia samaki. Sakafu ikibaki kavu, kazi ni njema.

Umeme ukikawia kurudi, msiwalishe samaki. Tekeni maji ya chumba cha tatu kwa kikombe, myarudishe juu kila baada ya muda, maana vidudu navyo vyahitaji hewa.

Jambo la pili ni shaba. Mji wetu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, umekua kwa shaba, na watoto hupenda kuokota mawe ya kijani ya malakiti. Ni mazuri mezani. Majini ni hatari. Shaba kidogo sana yatosha kuua konokono na kamba wadogo, na ikizidi huua samaki na kuvidhoofisha vidudu vyetu. Msitie mawe hayo, wala bomba la shaba, wala changarawe iliyookotwa karibu na machimbo.

Mwishowe, subira. Maji ya bomba yenye klorini yakae siku nzima katika chombo kilicho wazi. Kisha pampu izunguke majuma manne hadi sita, nanyi mtupie chembe za chakula kila siku, ili vidudu vipate kuzaliana. Mwenye dawa ya kupimia angoje mpaka amonia na nitriti zisionekane tena. Ndipo watiwe samaki wawili watatu kwanza. Kila juma badilisheni lita 40 ili nitrati ipungue, na sponji ikamuliwe katika maji hayo yaliyotolewa, kamwe si bombani, kwa maana klorini itawaua watumishi wenu.

Wanafunzi watakaoangalia tangi tupu kwa majuma sita watachekwa na jirani zao. Wavumilie. Haraka haraka haina baraka, na safari hii wanaolipia haraka hiyo ni samaki.