Joka na Pete Yake: Juu ya Ugumu wa Zoezi Analopewa Mwanafunzi

Katika vyuo vya walimu hufundishwa kwamba mchezo wa kuigiza ni mojawapo ya njia bora za kufundishia. Lakini ni mara chache sana mwalimu-mwanafunzi huelezwa namna ya kutayarisha kikwazo ndani ya mchezo huo: kiwe kigumu kiasi gani, ugumu wake utokane na nini, na mtoto atoke na nini mkononi baada ya kukishinda. Katika makala haya twapenda kulijadili jambo hilo kwa mfano ambao kwa wasomaji wengi utakuwa mgeni. Mfano wenyewe ni majoka ya michezo ya kubuni ya mezani, pamoja na swali wanalobishania wasimamizi wa michezo hiyo: je, joka liruhusiwe kuvitumia vifaa vya ajabu vilivyomo katika hazina yake? Sisi twaona kwamba liruhusiwe, ila kwa masharti. Na masharti hayo ndiyo yampasayo mwalimu kila atungapo zoezi.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa watu ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, na watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wachache huketi mezani, kila mmoja akiigiza shujaa wake. Mmoja wao huwa msimamizi: yeye ndiye aelezaye mahali walipo, huigiza adui na wageni wote, na huamua matokeo kwa kufuata kanuni. Jambo lisilo na hakika huamuliwa kwa kurusha dadu, na dadu iliyo mashuhuri kuliko zote ina pande 20.

Joka linalozungumzwa hapa si chatu mkubwa wa porini. Ni mnyama wa hadithi za Ulaya, mwenye mabawa na magamba, ambaye mara nyingi hutema moto na kulalia rundo la dhahabu. Katika rundo hilo wachezaji hutarajia kupata pete za kinga, panga zenye nguvu za ajabu, fimbo na dawa. Tena joka si mjinga. Katika toleo la mwaka 2014 joka jekundu lililokomaa limepewa akili ya kiasi cha 16, ilhali mtu wa kawaida ana 10. Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa joka lina akili kumpita binadamu, na pete ya kinga imo chini ya tumbo lake, kwa nini lisiivae?

Joka lisilotumia mali yake

Wako wasimamizi wasemao kwamba joka lina nguvu za kutosha, na kuliongezea vifaa ni kuwaonea wachezaji. Hoja hii si ya kupuuzwa. Joka tulilolitaja lina uhai wa pointi 256, na kinga yake ni 19. Tuchukulie shujaa anayeongeza 11 katika kila namba aipatayo kwenye dadu. Ili kulipiga joka hilo yampasa apate 8 au zaidi, yaani ana nafasi 13 katika 20. Joka likivaa pete ya kinga iongezayo pointi moja, itampasa apate 9, na nafasi zake zitakuwa 12. Ni dhahiri kwamba pete moja haigeuzi mchezo kuwa mauaji. Kinachoua mchezo ni kurundika pete juu ya ngao, na ngao juu ya fimbo. Nazo kanuni za mwaka 2014 zilikwisha weka mpaka kwa vile vifaa vinavyodai mtumiaji aungane navyo kwanza: kiumbe yeyote asizidishe vitatu kwa wakati mmoja.

Hoja ya upande wa pili, kwa maoni yetu, ina uzito zaidi. Joka linaloacha kutumia silaha zake mwenyewe huwafundisha wachezaji kwamba ulimwengu waliomo ni wa karatasi tu. Hawatajiuliza adui anafikiri nini, kwani wamekwisha ona kwamba hafikiri. Nayo hazina hugeuka kuwa mshahara uliowekwa kando, usiohusiana na kazi iliyofanywa.

Hadithi za kale zasemaje?

Wanaodhani kwamba joka lenye vifaa ni uzushi wa siku hizi na waiangalie Völsunga saga, iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Ndani yake yumo Fafnir, aliyemwua baba yake kwa ajili ya dhahabu, kisha akageuka joka na kuilalia dhahabu hiyo. Fafnir alikuwa na kofia ya kutisha, na alijigamba kwamba kwa kofia hiyo aliwatia hofu watu wote. Shujaa Sigurd hakukabiliana nayo uso kwa uso. Alichimba shimo katika njia ambayo joka hulipitia liendapo majini, akajificha humo, akalichoma kutoka chini. Wahenga wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Twawaomba wasomaji wayaangalie mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza, Sigurd alipokuwa akichimba, alitokewa na mzee mwenye ndevu ndefu aliyemshauri achimbe mashimo mengi ili damu ya joka ipate pa kuingia isimdhuru. Mzee yule hakumwondolea joka, wala hakulichoma kwa niaba yake. Alimpa dokezo, akaenda zake. La pili, kazi ilipokwisha, Sigurd aliichukua kofia ile ile pamoja na dhahabu. Kilichokuwa tisho kikawa mali yake.

Mfano mwingine ni joka Smaug, katika kitabu The Hobbit cha J.R.R. Tolkien kilichotolewa mwaka 1937. Kwa kulalia hazina miaka mingi, tumbo lake lilikuwa limegandamana na vito hata likawa kama limevaa deraya. Bilbo, mtu mfupi asiye na nguvu, alilisifu mpaka likajigeuza kumwonyesha fahari yake, ndipo akaona upande wa kushoto wa kifua pengo lisilo na kito. Habari ya pengo hilo ilimfikia mpiga upinde Bard, na mshale wake ukapita papo hapo. Ugumu ulikuwapo, na dalili ya kuushinda ilikuwapo vilevile, kwa yule aliyetumia macho.

Masharti matatu

Kutokana na hayo twapendekeza masharti matatu kwa msimamizi anayetaka kulivika joka lake.

Kwanza, kifaa kinachomzuia mchezaji ndicho kimfae baadaye. Pete iliyomkosesha shabaha na aikute kidoleni mwa joka lililokufa, aivae yeye. Chanda chema huvikwa pete, na baada ya ushindi chanda chema ni cha mchezaji. Msimamizi anayevunja pete hiyo ili isichukuliwe amekopa ugumu bila kulipa. Huenda mtu akauliza: je, joka likinywa dawa iliyomo hazinani, haliwanyimi wachezaji fungu lao? Linawanyima, na ni halali, maadamu walijua kwamba dawa ipo na kwamba kukawia kutawagharimu. Lakini dawa hizo ziwe chache, na vifaa vya kudumu viwe vingi kuliko vya kumalizika.

Pili, dalili zionekane kabla ya mapambano. Katika kanuni za mwaka 2003 joka jekundu haliungui kwa moto, lakini baridi huliumiza kwa nusu zaidi: pigo la pointi 20 huwa 30. Wachezaji wenye busara hujiandaa kwa silaha za baridi. Sasa joka likivaa pete ya kukinga baridi, ile kubwa ipunguzayo pointi 30 katika kila pigo, pigo hilo halitaliumiza hata kidogo. Je, ni haki? Ni haki ikiwa wachezaji walipata nafasi ya kujua. Labda mlinzi wa pango alisema kwamba bwana wake hulala juu ya theluji bila kujali; labda mashujaa waliotangulia waliacha silaha zao za baridi mlangoni. Aliyeziona dalili akazipuuza, na alaumu uzembe wake. Ambaye hakuonyeshwa dalili yoyote ameonewa. Isitoshe, kifaa kikiziba njia moja, nyingine ibaki wazi.

Tatu, joka lisivikwe katikati ya vita. Msimamizi aonaye kwamba wachezaji wanashinda upesi, akabuni pete ambayo dakika moja kabla haikuwapo, ameacha kusimamia mchezo na ameanza kushindana nao. Naye hawezi kushindwa, kwa kuwa kanuni zimo mikononi mwake. Ushindi wa namna hiyo hauna heshima.

Darasani

Mwalimu mtarajiwa atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Mwalimu naye ana kanuni zote mikononi, na kila zoezi alitungalo ni joka analoliweka mbele ya watoto.

Sharti la kwanza lamtaka ahakikishe kwamba ugumu wa zoezi umetokana na somo lenyewe. Hesabu ya kugawanya iliyoandikwa kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne hajapata kuyasikia ni ngumu kweli, lakini ugumu wake ni wa msamiati. Mtoto akiishinda hatoki na ujuzi wowote wa kugawanya. Linganisha na zoezi hili: watoto wapewe rula ya sentimita 30 na kamba ndefu isiyo na alama, waambiwe wapime uwanja wa shule. Rula ni fupi mno. Hicho ndicho kikwazo. Watahangaika, kisha watagundua kwamba waweza kuipima kamba kwa rula, wakafunga fundo kila baada ya mita moja. Wakimaliza watakuwa na kamba ya kupimia mikononi, na maana ya kipimo vichwani. Wameivua pete ya joka wakaivaa.

Sharti la pili lamtaka atoe madokezo, asitoe majibu. Katika zoezi la kamba yatosha kuuliza, "Rula hii yaweza kupima nini?" kisha akanyamaza.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote. Walimu wako ambao, watoto wakimaliza maswali sita kabla ya kengele, huandika ubaoni swali la saba juu ya jambo lisilofundishwa, ili watoto "wasijione". Wako pia wanaofanya kinyume chake: wakiona watoto wanashindwa, hulifuta swali gumu kimyakimya na kuwapa alama zake wote. Wa kwanza huongeza pete katikati ya vita, wa pili huivua. Wote wawili humnyang'anya mtoto kitu kimoja, nacho ni imani kwamba juhudi yake ndiyo iliyoleta matokeo. Mtoto akiipoteza imani hiyo katika darasa la nne, kumrudishia darasani la saba ni kazi ngumu mno.

Haitoshi, basi, kutayarisha zoezi gumu kwa kujivunia ugumu wake, wala zoezi jepesi kwa kuogopa machozi. Kila mtungapo zoezi, jiulizeni maswali matatu: mtoto akishinda atachukua nini? Dalili ameziona wapi? Nami nimejifunga nisibadili kitu mpaka kengele ilie? Zoezi lisiloweza kuyajibu maswali hayo lisipelekwe darasani. Na lirudi kwanza mezani pa mwalimu, litengenezwe upya.