Samaki Mgeni Atengwe Kwanza

Miongoni mwa mapambo ambayo watu wenye uwezo wameyapenda katika zama hizi, majumbani mwao, katika kumbi za mahoteli na hata katika vyumba vya kungojea vya matabibu, limo tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi, ambamo huogelea kangaja, vitatange na samaki wengine wa miamba ya matumbawe. Na baadhi ya samaki hao, wawe wanatazamwa Nairobi, London au Marekani, wamevuliwa mmoja mmoja kwa nyavu ndogo na wazamiaji wa pwani ya Kenya, tangu Kilifi hadi Shimoni. Sina ugomvi na pambo hilo, wala na riziki ya wazamiaji hao. Ugomvi wangu ni na pupa ya mnunuzi ambaye, akishamfikisha samaki nyumbani, humtumbukiza siku ile ile pamoja na wale waliotangulia, kisha baada ya majuma machache huopoa maiti za wote, akasema kwamba samaki wa bahari hawafugiki.

Wanafugika, na maradhi yanayowaua yamejulikana zamani. E. M. Brown, aliyewachunguza samaki wa bustani ya wanyama ya London, alikieleza mwaka 1931 kimelea ambacho leo huitwa Amyloodinium, na mwaka 1951 akakipa jina lake Cryptocaryon irritans, kimelea kingine ambacho Sikama wa Japani alikuwa amekwisha kukieleza mwaka 1937. Tangu hapo wataalamu wameufuatilia mwenendo wa vimelea hivyo hatua kwa hatua, na aujuaye mwenendo huo hawezi tena kumtia samaki mgeni tangini kwa haraka na dhamiri yake ikatulia.

Cryptocaryon huanza kikiwa kijidudu kiogeleacho, kisichoonekana kwa macho matupu, chenye muhula mfupi mno, wa siku moja au mbili hivi, wa kumpata samaki, kisipompata hufa. Kikimpata hujipenyeza chini ya ngozi yake, hula na kunenepa, na hapo ndipo mwenye tangi huona vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi juu ya mapezi. Baada ya siku tatu hadi saba hivi hujitoa, huanguka chini, hujifunga ndani ya gamba gumu juu ya mchanga au jiwe, na humo hugawanyika hata zikatoka nafsi nyingi, pengine zaidi ya mia, kila moja ikitafuta samaki wake. Katika muda huo wa mafichoni samaki hutakata madoa yote, na mwenyewe hufurahi, akidhani kuwa amemponya kwa kitunguu saumu alichokichanganya na chakula, au kwa chupa aliyouziwa dukani. Kumbe adui ametoka kwenda kuzaa tu. Aghalabu magamba hayo hupasuka kati ya siku tatu na majuma manne, lakini limepata kuonekana gamba lililokaa siku 72, na ndiyo sababu tangi lililokwisha kuingiwa na kimelea hicho hushauriwa liachwe bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Amyloodinium ni kikali zaidi. Hicho hupenda matamvua, na huweza kummaliza samaki kwa kumkosesha pumzi kabla lile vumbi lake la rangi ya dhahabu halijadhihiri ngozini.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa vimelea hivi vimo baharini, mbona bahari haijaisha samaki? Jawabu ni upana wa bahari. Kijidudu kinapotoka katika gamba lake hukuta mawimbi na mikondo, na samaki aliyekibeba juzi amekwisha kwenda zake, basi ni vichache mno vinavyobahatika kupata mwenyeji mwingine. Katika tangi la lita mia tatu hakuna mkondo wa kuvichukua wala mwamba mwingine wa kukimbilia: kila kizazi kipya humkuta samaki yule yule, tena aliyedhoofika kwa njaa na safari, baada ya kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki katika giza la sanduku, na ute wa mwili wake, ambao ndio ngao yake, umekwisha kukwanguliwa na nyavu na mikono ya watu.

Wala haifai kumtia kwanza na kungojea kama ataugua, kwa maana dawa iliyo mashuhuri kwa maradhi haya ni shaba, mathalan ile ya mrututu, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe waliomo tangini. Mawe na mchanga wa chokaa nao huinyonya, ikapungua nguvu. Dawa, basi, haina pa kutiwa ila katika chombo kingine: tangi dogo lisilo na mchanga wala mawe, lenye kichujio cha sponji kilichokwisha kukaa majuma kadhaa mahali salama hata kikapata bakteria wa kuondoa amonia, na vipande vya mabomba ya plastiki ili samaki apate pa kujificha. Humo akae majuma manne hadi sita, aangaliwe anavyokula na anavyopumua. Shaba ya mrututu hushikiliwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, na sharti ipimwe kila siku, kwa kuwa ikipungua haikiui kimelea na ikizidi humuua samaki. Mimi naipenda zaidi ile njia ya kumhamisha samaki kila baada ya saa 72 kutoka chombo hadi chombo kingine kisafi, kilichokaushwa kabla ya kutiwa maji mapya, mara nne, ili kimelea kikianguka kiachwe nyuma kabla gamba lake halijapasuka. Hata hivyo, njia hiyo hukiondoa Cryptocaryon peke yake, na Amyloodinium kingali kikihitaji dawa.

Wako wasemao kwamba kumtenga samaki ni kumwongezea dhiki. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao. Samaki aliyetengwa hula bila ya kufukuzwa na wenyeji wanaolinda mahali pao, na hujifunza chakula cha kufugwa kwa utulivu asioweza kuupata penginepo. Wengine hutegemea samaki msafishaji, yule mdogo mwenye mstari mweusi, awachambue wenzake. Lakini naye hawezi kukifikia kilichojificha chini ya ngozi.

Watu wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa maana ya karantini. Katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, yale majengo yaliyojengwa katika miaka ya 1890 yawe gereza yalikuja kutumika kuwatenga abiria wa vyombo vilivyoingia, kwa hofu ya homa ya manjano. Na abiria aliyeonekana mzima naye alizuiliwa, kwa kuwa maradhi yaliyo ndani ya mwili hayasomeki usoni. Huko hakukuwa kumtuhumu mgeni. Ilikuwa ni insafu kwa wenyeji na kwake pia.

Nawaomba wauza samaki, wa hapa kwetu na wa ughaibuni wanaopokea mizigo kutoka kwetu, waandike juu ya kila tangi tarehe aliyoingia samaki na dawa aliyopewa, na wasimtoe kabla muhula wake haujatimia, hata mnunuzi akiwa na fedha mkononi. Na mnunuzi asiye na nafasi wala fedha ya tangi la pili, nawe nakusihi: usimnunue samaki huyo.