AFYA YA JAMAA: Kijidudu cha Maziwa na Utumbo Unaouma



Maziwa ya mgando hayana mgeni katika nyumba zetu. Kazi ya kuyagandisha hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Tumezoea kudhani kwamba kila kijidudu ni adui, lakini vingine ni watumishi wema. Kimojawapo ni Lactococcus lactis, kinachotumika sana kugandisha maziwa na kutengeneza jibini. Mwezi huu tuone jinsi wataalamu walivyojaribu kukipa kazi nyingine, yaani kutuliza utumbo wenye uvimbe.

Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa nyumba. Mlinzi akiwa mkali kupita kiasi, huwapiga hata wenye nyumba. Ndivyo ilivyo katika ugonjwa wa Crohn na ule wa uvimbe na vidonda vya utumbo mpana. Mgonjwa huharisha kwa majuma mengi, pengine damu, tumbo humsokota, naye hukonda. Akiwa mtoto, huenda asikue vizuri. Mama asinyoshewe kidole kwamba amemlea vibaya, wala jirani asiseme mtoto amerogwa.

Mwili wenyewe una kitulizo kiitwacho intalukini-10, ambacho humpoza mlinzi huyo. Wagonjwa walipodungwa kwa sindano, nafuu iliyotarajiwa haikupatikana. Basi wataalamu wakafikiri: kwa nini kisitengenezwe mle mle tumboni? Mwaka 2000, Lothar Steidler na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, walieleza jinsi walivyoipandikiza jeni ya kitulizo hicho ndani ya kijidudu cha maziwa. Panya wenye uvimbe wa utumbo walipopewa, uvimbe ulipungua kwa nusu.

Bila shaka utauliza, mama: je, kijidudu kilichobadilishwa kikienea nje? Wao pia waliliona jambo hilo. Mwaka 2003 walionyesha njia ya kukifunga kamba. Waliondoa jeni ambayo kijidudu hutumia kujitengenezea thimidini, wakaweka ya kitulizo mahali pake. Kikitoka nje kikakosa thimidini, hufa.

Mwaka 2006 madaktari wa Uholanzi walitoa habari za wagonjwa 10 wa Crohn waliomeza kijidudu hicho. Wanane walipata nafuu, wala hakikuwadhuru. Hata hivyo watu 10 ni wachache, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nao. Baadaye kilijaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi wenye vidonda vya utumbo mpana, baadhi yao wakipewa dawa bandia. Hapo waliokimeza hawakupona kuliko wenzao. Wataalamu hawakukata tamaa, bado wanatafuta njia na vijidudu vingine, lakini tusihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Basi sisi jikoni tufanye nini?

Kwanza, tukumbuke kwamba maziwa ya mgando ni chakula kizuri, bali kijidudu chake hakina jeni ile. Hayawezi kuchukua nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa dawa na daktari asiziache kwa sababu ya kikombe cha mtindi.

Pili, akija mtu mlangoni na kopo la "bakteria wa kuponya utumbo," tusimpe fedha za ada ya mtoto.

Tatu, kuharisha kunakozidi majuma mawili, damu katika choo, au kukonda bila sababu, ni mambo ya kupelekwa hospitali. Tumweleze daktari wazi siku zilizopita na rangi ya choo. Tusione haya. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, hata akiwa njiani kwenda hospitali.

Wako mama wanaoficha damu waliyoiona chooni, wakingoja ikome yenyewe. Ukimjua mmoja, mpelekee ukurasa huu, kisha mwende pamoja naye kwa daktari.