Ulimi Si Kipimo cha Tembo

Tembo la mnazi, Pujini na kwengineko Pemba, huhukumiwa kwa ulimi: likiwa tamu hudhaniwa salama, likiwa kali hulaumiwa. Hukumu hiyo hupotosha. Chachu huanza kazi kibuyuni, juu mnazini; sukari hugeuka kilevi kabla utamu haujatoweka. Aionjaye nyumbani sida ya Ireland, kinywaji cha matufaha yaliyochachushwa, na kuipa alama, walau husoma kwenye chupa ya Magners: kilevi asilimia 4.5. Kibuyu hakina maandishi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiasi cha kilevi kilicho salama kwa afya. Basi mtoto na mjamzito wasipewe tembo kwa hoja ya utamu. Dafu lipo.