Msobanuzi Naye ni Mfasiri

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kipaji cha kudharau. Tunakidharau Kiswahili cha Bukavu kwa sababu kinasema "batoto", tunaidharau Sheng kwa sababu ni Sheng, na tukishamaliza hapo tunahamia kwenye agasobanuye. Hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimechoka kusikia watu wanaotaka kuwa wafasiri wakiicheka kazi ya ufasiri yenye hadhira kubwa kuliko yoyote watakayoipata maishani mwao.

Kwa msomaji asiyekaa Rwanda: agasobanuye ni filamu ya kigeni, iwe ya Marekani, India au Korea, ambayo sauti yake imeshushwa na mtu mmoja anaieleza kwa Kinyarwanda toka mwanzo hadi mwisho. Jina linatokana na kitenzi gusobanura, kueleza. Ni kama tungesema "kale kalikofafanuliwa". Mtu huyo, msobanuzi, ndiye stelingi, ndiye adui, ndiye mama yake adui, na mbwa akibweka anatuambia mbwa anawaza nini. Uganda wanamwita VJ. Kenya wana DJ Afro, anayefanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili. Kwetu jina kubwa lilikuwa la Nkusi Thomas, ambaye wote tulimjua kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Mdogo wake, Junior Giti, ameiendeleza kazi. Hapa Kamembe mtoto asiyejua jina la waziri hata mmoja atakutajia wasobanuzi watatu bila kusita.

Shitaka la kwanza dhidi yao ni kwamba hawasemi kilichosemwa. Ni kweli. Nilimsikia mmoja akimwita sherifu wa Texas "gitifu", yaani katibu mtendaji wa sekta, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, kwa sababu sherifu yule alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiwatisha watu wenye madeni. Sasa nataka mtu aniambie neno gani lingefaa zaidi. Kwenye mtihani tunamkariri Nida na ulinganifu wake, tunaandika kwamba mfasiri hutafuta athari ileile kwa hadhira mpya, tunapata alama zetu. Halafu tunatoka nje, tunamkuta mtu anaifanya kazi hiyo moja kwa moja, sentensi baada ya sentensi, bila kamusi wala muda wa kufuta, na tunasema ni mhuni.

Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Angeweza kuiita Mfanyabiashara wa Venisi. Akaiita Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja akawa wengi, na biashara ikawa ubepari! Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na msomaji wa Tanzania hakuhitaji kuelezwa Mwalimu alikuwa anamtazama nani. Hatusemi aliiharibu tamthilia. Tunaifundisha. Mimi naona Nyerere na yule aliyesema "gitifu" wamefanya jambo moja, ila mmoja alikuwa rais na mwingine anauza kazi yake kwenye flashi.

Huko Japani, zama za filamu zisizo na sauti, alikuwepo benshi, mtu aliyesimama kando ya skrini akieleza picha na kuwasemea wahusika. Wengine walipendwa kuliko waigizaji. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Leo wanazuoni wanawaandikia vitabu na hakuna anayeona aibu. Na kama Japani ni mbali, tuende Wakaliga, Kampala: filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa duniani kote pamoja na sauti ya VJ Emmie juu yake. Ukimtoa VJ, umetoa nusu ya filamu.

Shitaka la pili ni wizi. Hapa sitajifanya kipofu, maana aliyetengeneza filamu hapati hata faranga moja kutoka kwenye flashi za Kamembe. Lakini tupime wizi kwa mizani moja. Mwaka 1994 Disney walitoa The Lion King wakiwa na Simba, Rafiki na Pumbaa, maneno yetu yote (huyo wa tatu kwa maana isiyo ya heshima), kisha wakaisajili "Hakuna Matata" Marekani kama alama yao ya biashara, usajili uliokamilika mwaka 2003. Wao wakichukua lugha yetu, wana wanasheria. Sisi tukiweka lugha yetu juu ya picha zao, ni maharamia. Tena wenye filamu hawajawahi kuja kutuuzia. Mtu wa Rusizi anayetaka kukaa kwenye sinema ya kisasa apande basi, akatize msitu wa Nyungwe, na siku yake iishie barabarani kabla hajaiona Kigali.

Lipo shitaka la tatu, matusi dhidi ya wanawake, na hilo nalikubali lilivyo. Wapo wasobanuzi ambao mwanamke akitokea tu kwenye picha wanageuka walevi. Wakosolewe kwa majina yao, kama tunavyowakosoa waandishi wa riwaya. Lakini huwezi kumkosoa mtu ambaye hujakubali kwamba kazi yake ni kazi.

Kinachoniuma hasa ni kingine. Filamu iliyoitangaza nchi hii duniani ni Hotel Rwanda ya mwaka 2004. Mwongozaji wake, Terry George, anatoka Ireland ya Kaskazini. Mhusika mkuu amechezwa na Don Cheadle, Mmarekani. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na wahusika wanaongea Kiingereza. Shooting Dogs, iliyofuata mwaka 2005, ilipigwa mahali penyewe, ETO Kicukiro, na bado kamera inawafuata zaidi padri na mwalimu kijana, wote Waingereza. Baadhi ya waliokuwa wamejificha Mille Collines wamepinga hadharani jinsi Hotel Rwanda ilivyomchora meneja, Paul Rusesabagina. Ubishi huo ulifika duniani kwa Kiingereza na Kifaransa, kwenye magazeti na vitabu.

Bibi yangu wa Bugarama hazijui lugha hizo. Anajua Kinyarwanda, na Kiswahili alichokipata sokoni. Aliiona Hotel Rwanda mara moja, kwenye televisheni ya jirani, akauliza wale ni askari wa nani. Watu wakamnyamazisha ili wasikie Kiingereza. Yeye aliyekuwepo mwaka 1994 ndiye pekee mle chumbani ambaye hakuweza kubishana na ile picha.

Najua jibu litakalokuja: tutengeneze filamu zetu. Zipo. Eric Kabera na Nick Hughes walitoa 100 Days mwaka 2001, kabla Hollywood haijaamka, na tamasha la Hillywood limekuwa likibeba skrini yake hadi vilimani. The Mercy of the Jungle ya Joel Karekezi, inayohusu askari wawili wa Rwanda waliopotea msituni Kongo, ilipata tuzo kuu ya FESPACO mwaka 2019. Msitu huo wa Kivu uko ng'ambo yetu hapa, na sijaikuta filamu hiyo kwenye flashi yoyote mjini. Filamu nzuri isiyoeleweka na isiyofika ni barua iliyobaki posta. Msobanuzi ndiye anayeipeleka.

Bunge letu lilikubali mwaka 2017 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Tangu hapo tumeandaa makongamano na kupigana picha. Mimi naomba jambo dogo. Katika somo la tafsiri, muhula mmoja, kila mwanafunzi apewe kipaza sauti na dakika kumi za filamu, aieleze kwa Kiswahili mbele ya watu wa mtaani walio huru kuondoka wakichoka. Wahadhiri wakae nyuma.

Na filamu ya kwanza iwe mojawapo ya hizo zinazotuhusu. Sisemi mtu afanye mzaha juu ya picha za 1994. Anayedhani kusobanura ni mzaha tu hajawahi kuwasikiliza walio bora wakifika mahali pa msiba, sauti inavyoshuka. Nasema asimame pale mtu anayejua, aseme hapa ni Johannesburg wala si Kigali, huyu katika maisha halisi alikuwa nani, hili walionusurika wanalikataa, na hili ndivyo lilivyokuwa. Bibi yangu awekewe kiti mbele. Akiuliza wale ni askari wa nani, filamu isimamishwe, na mwenye kipaza sauti amjibu.