FUNDI WA NYUMBANI: Kitako cha Winchi na Uhai wa Dereva

Katika vijiji vya Mufindi vinavyopakana na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na kwingineko ambako magogo hutolewa mabondeni, trekta lenye winchi ni mali kubwa. Winchi yenyewe hununuliwa, mpya au kuukuu. Lakini kitako cha kuifungia nyuma ya trekta aghalabu hutengenezwa na fundi wa mtaani, kwa mabomba ya chuma na mashine ya kuchomelea. Si kazi ya kudharau, ndugu msomaji, kwa kuwa kitako kibaya kikishindwa, anayeumia ni baba wa watu aliyeketi usukani.

Kabla ya kukata hata bomba moja, fundi hana budi kujiuliza kamba itatokea wapi. Trekta likivuta gogo lililokwama, na magurudumu ya nyuma yakakataa kuteleza, nguvu ya injini hutafuta njia nyingine, nayo ni kulizungusha trekta zima juu ya ekseli yake ya nyuma. Ikiwa kamba imefungwa juu ya ekseli hiyo, pua ya trekta hunyanyuka, na katika muda usiotimia sekunde mbili dereva amekwisha kulaliwa. Hata trekta likiwa limesimama na winchi ndiyo inayovuta, kamba iliyo juu hulivuta kupinduka kinyumenyume vilevile. Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu imara ya kumkinga dereva. Ole wake anayeendesha trekta kuukuu lisilo na fremu hiyo!

Basi kapi ambamo kamba hutokea liwe chini ya ekseli ya nyuma. Ngoma ya winchi yaweza kukaa juu, ilimradi kamba ishuke na kupita katika kapi hilo kwanza. Hali kadhalika, kitako kiwe na bamba pana linaloshuka hadi ardhini na kujichimbia wakati wa kuvuta, ili mzigo upokewe na udongo badala ya kuachiwa mikono ya hidroliki.

Bomba la mraba ni bora kuliko chuma cha pembe, maana umbo lililofungwa pande zote hustahimili kusokotwa. Walakini bomba la mageti na madirisha, lenye unene wa milimita 1.2 au 1.5, halifai hata kidogo, liwe pana namna gani. Kwa winchi ya tani 3 mwandishi huyu asingeridhika na unene wa chini ya milimita 6, na kila pembe itiwe kipande cha bamba cha pembetatu. Chuma kisuguliwe hadi king'ae, kingo zichongwe mshazari ili moto uzame ndani, kisha viungo vishikizwe kwa matone madogo kabla ya kuchomelewa kwa zamu, upande huu na upande wa pili, kitako kisije kikapinda. Vijiti vya 7018 hutoa mshono wenye nguvu, lakini sharti viwe vikavu. Vilivyolala kwenye unyevu huzaa nyufa. Mshono mzuri wa macho waweza kuwa umekaa juu ya chuma tu. Namna ya kuujua ni kuchomelea vipande viwili vya majaribio, kuvibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo: kikipinda chuma, vema; ukibanduka mshono, kazi irudiwe.

Kitako kisichomelewe kwenye nyumba ya ekseli, ambayo ni chuma cha kusubu na hupasuka kwa joto la kienyeji. Kifungwe kwa bolti ngumu zenye alama 8.8 kichwani. Bomba lililozibwa pande zote litobolewe tundu kwanza, kwani hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani vikipata moto vyaweza kulipasua.

Sasa neno kwa walio nyumbani. Bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe. Aliyeuvuta hurudi jioni akitetemeka, na homa juu, kichwa kikimgonga, naye mkewe hudhani ni malaria. Homa hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini apimwe damu kabla ya kumezeshwa dawa, na akibanwa na kifua apelekwe hospitali mara moja. Mafundi wengi hunywa maziwa kuondoa sumu. Maziwa ni chakula chema, ila huenda tumboni, na moshi umekwenda mapafuni. Dawa ni kuisugua zinki mbali na mshono na kufanyia kazi mahali penye upepo.

Tena watoto wafukuzwe. Miwani ya jua haitoshi hata kwa fundi. Atumie kinyago chenye kioo cha namba 10 au 11. Mtoto aliyekodolea cheche mchana hulia usiku kana kwamba macho yametiwa mchanga.

Kitako kikiisha, kijaribiwe kwa gogo dogo, watu wote wakikaa mbali na mstari wa kamba, ambayo ikikatika huchapa kama mjeledi. Baada ya hapo gamba la mishono ligongwe, na kila kiungo kikaguliwe kwa tochi. Rangi ipakwe mwisho, kwa maana ufa chini ya rangi hauonekani.